Kachumbari ya parachichi: Lishe inayooza chini ya miti Kasulu na Kibondo

UKIPITA Kasulu au Kibondo wakati maparachichi yamekolea, utaona jambo linalomshangaza mgeni kutoka Dar es Salaam. Tunda ambalo mjini huuzwa moja moja, huku limelala chini ya mti. Mwenye mti akimpata mchuuzi, huuza kwa ndoo au kwa gunia, na bei hupangwa na mchuuzi. Asipompata, linaoza.

Nyumba hiyohiyo, akifika mgeni wa heshima, mtoto hutumwa dukani kununua mkate na siagi ya kopo. Parachichi haliwekwi mezani, maana linahesabiwa kuwa chakula cha watoto na cha wasio na kitu. Hapo ndipo hasara inapoanza, na ni hasara ya mfuko na ya mwili kwa pamoja.

Makala haya yanahusu mlo mmoja tu, ambao hauhitaji moto, nyama wala maziwa: parachichi lililopondwa, likachanganywa na nyanya, kitunguu, ndimu, giligilani na pilipili. Sisi tumezoea kuita kachumbari ya parachichi. Mexico, nchi ambako tunda hili lina asili yake, watu wamekuwa wakila mchanganyiko wa namna hiyo tangu kabla Wahispania hawajafika, na leo unauzwa kwenye mahoteli ya dunia nzima kwa jina la guacamole. Vitu vyote vinavyohitajika vinastawi katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 na mvua za kutosha.

Mafuta yasiyohitaji kikaango

Tuanze na parachichi lenyewe. Gramu 100 za nyama ya parachichi lenye mafuta mengi, kama Hass, zina takriban gramu 15 za mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kama gramu 14. Kwa hiyo anayekula gramu 100 za parachichi ni kama amekula kijiko kimoja cha mafuta, na hakununua chupa.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, aina ileile inayosifiwa katika mafuta ya mzeituni. Mtu akiyatumia badala ya siagi au mafuta ya mnyama, lehemu mbaya katika damu hupungua. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 110,000 kwa miaka 30. Waliokuwa wakila angalau parachichi moja kwa wiki, yaani nusu mara mbili, walionekana kuwa na hatari ndogo ya magonjwa ya moyo kwa asilimia 16 kuliko wasiokula. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba parachichi peke yake ndilo lililowakinga, kwa kuwa walaji wa parachichi huwa na mazoea mengine mazuri pia. Lakini unalingana na yale yanayojulikana kuhusu mafuta hayo.

Zaidi ya mafuta, gramu hizo 100 zina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi zinazosaidia choo kuwa laini, miligramu 485 hivi za potasiamu, ambayo husaidia kudhibiti shinikizo la damu, na kiasi kizuri cha foleti, vitamini ambayo mama mjamzito huihitaji sana. (Mjamzito asiache vidonge vya kliniki kwa sababu ya parachichi. Kiasi anachohitaji ni kikubwa mno kwa tunda moja.) Sukari yake haifiki hata gramu moja, ndiyo maana mwenye kisukari anaweza kulila bila hofu aliyonayo kwa ndizi mbivu au embe.

Nyanya bila mafuta hupita bure

Hapa ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nyanya ina likopini, rangi nyekundu inayodhaniwa kulinda mwili dhidi ya baadhi ya magonjwa sugu. Nyanya, karoti, mchicha na majani ya giligilani pia yana betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na ya kinga. Lakini vitu hivi huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mtu akila nyanya mbichi na chumvi tu, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwapa watu 11 kachumbari ya nyanya, mara moja ikiwa tupu na mara nyingine ikiwa na gramu 150 za parachichi. Ilipokuwa na parachichi, likopini iliyoingia katika damu iliongezeka mara 4.4, na betakarotini mara 2.6. Mwaka 2014 utafiti mwingine uliotumia karoti mbichi ulionyesha kwamba parachichi liliongeza betakarotini iliyofyonzwa zaidi ya mara 6, na kwamba mwili uligeuza sehemu kubwa zaidi kuwa vitamini A.

Kwa familia inayokula ugali wa muhogo na mboga za majani zilizochemshwa kwa maji na chumvi kwa sababu mafuta yamepanda bei, habari hii ni kubwa. Mboga ipo na vitamini imo, kinachokosekana ni mafuta ya kuibeba, nayo yamelala chini ya mti nyuma ya nyumba. Nusu parachichi lililokatwa juu ya mchicha au kisamvu linatosha kufanya kazi hiyo.

Msomaji wa Kigoma atasema: sisi tuna mawese. Ni kweli, na mawese mekundu yana betakarotini nyingi kuliko parachichi. Tatizo ni mazoea ya kuyachemsha mpaka yageuke meupe. Rangi ile inayotoweka ndiyo betakarotini yenyewe. Na mchikichi hupenda ukanda wa chini karibu na ziwa kuliko milima ya Kibondo, ambako kila chupa ni ya kununua.

Ndimu na maharage

Ndimu watu huiweka kwa ajili ya ladha na kuzuia parachichi lisigeuke jeusi. Asidi yake hupunguza kasi ya kimeng'enya kinachobadilisha rangi tunda likikutana na hewa. Lakini ina kazi nyingine, nayo inawahusu sana walima maharage.

Madini ya chuma yaliyomo katika maharage ni ya aina ambayo mwili huyapokea kwa shida, tofauti na ya nyama. Vitamini C ikiwa katika mlo uleule, hupokewa vizuri zaidi. Ndimu, nyanya mbichi na pilipili zote zina vitamini hiyo, na moto huipunguza, kwa hiyo faida ya kachumbari ni huko kuwa mbichi. Sahani ya maharage yenye kachumbari pembeni inapambana na upungufu wa damu kuliko sahani ya maharage peke yake. Kikombe cha chai ya rangi mara baada ya mlo hufanya kinyume, kwa hiyo kisubiri saa moja au mbili.

Kitunguu kina kwasetini, na kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, dawa ya asili inayoua baadhi ya vijidudu ikijaribiwa maabara. Yote mazuri, ila kiasi kinachoingia katika kachumbari ni kidogo, na anayekuuzia kitunguu saumu kama tiba ya kila ugonjwa anakutapeli.

Ubichi una masharti yake

Chakula kisichopita motoni hubeba kila kilichokuwa katika maji ya kuoshea. Mwaka 2015 mkoa wa Kigoma ulishuhudia mlipuko wa kipindupindu pale Kagunga, wakati maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokusanyika ufukweni. Ndimu haiondoi hatari hiyo. Osha nyanya, giligilani na hata ganda la parachichi kwa maji safi kabla ya kukata, kwa sababu kisu husukuma uchafu wa ganda hadi ndani. Ponda kiasi kitakacholiwa muda huohuo. Kwa mama lishe wa stendi, ni heri kumpondea mteja akiwa anatazama kuliko kuwa na beseni lililopondwa asubuhi.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupewa parachichi lililopondwa peke yake, bila chumvi, pilipili wala kitunguu. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin, wamuulize daktari kwanza.

Tunda lisilokomaa halina mafuta

Yote yaliyosemwa hapo juu yanategemea jambo moja lililo mikononi mwa mkulima. Parachichi halilainiki likiwa mtini. Hukomaa mtini, kisha hulainika baada ya kuchumwa. Kadiri linavyokaa mtini likikomaa, maji hupungua na mafuta huongezeka. Anayechuma mapema kwa sababu mchuuzi ana haraka anauza maji. Tunda hilo husinyaa, hubaki gumu kama raba, na mteja aliyelinunua hatarudi.

Kipimo ni rahisi. Chuma matunda mawili au matatu, yaweke ndani siku saba hadi kumi. Yakilainika bila kusinyaa, na ngozi ya kokwa ikawa ya kahawia, mti uko tayari. Chuma kwa mkono au kwa upondo wenye mfuko, acha kikonyo kifupi, na usitikise mti. Tunda lililoanguka huonekana zima leo, keshokutwa limeoza ndani.

Miti mingi ya Kasulu na Kibondo imeota kwa kokwa, kwa hiyo kila mmoja una tabia yake, na mingine matunda yake ni makubwa lakini yana maji mengi na mafuta kidogo kuliko niliyotaja. Usiikate. Mti wa kienyeji unaozaa sana unaweza kubebeshwa vikonyo vya Hass au Fuerte, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, wakati wa kokwa unaweza kukusubirisha hata miaka saba. Hass yenyewe ilianza kwa mti mmoja ulioota katika shamba la tarishi wa posta huko California, Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935.

Soko la nje lipo, na Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuingiza parachichi zetu huko. Lakini mwandishi huyu hashauri mkulima wa Kibondo aanze na ndoto ya China. Aanze na soko la Kasulu, Kigoma mjini na stendi za barabara ya Nyakanazi. Wengi waliegemea masoko ya kambi za wakimbizi, nayo hayakudumu: Mtabila ilifungwa mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021, na kati yake masoko ya pamoja yalibanwa.

Na kuna onyo kutoka kwa waliotutangulia. Njombe na Iringa ndizo zinazosifika kwa Hass ya kuuza nje. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, uliokuta udumavu wa watoto nchini ukiwa asilimia 30, uliikuta Iringa ina asilimia 57 na Njombe asilimia 50. Udumavu una sababu nyingi, na parachichi si mchawi wake. Ila takwimu hizo zinaonyesha kwamba gunia linaweza kutoka nyumbani likiwa limejaa huku sahani ya mtoto ikibaki vilevile. Mkulima anapohesabu magunia ya mchuuzi, atenge kwanza ya nyumbani.

Jambo la mwisho kwa wafugaji. Majani, magamba na kokwa za parachichi msiwape mbuzi, sungura wala kuku. Vina sumu iitwayo persini, inayodhuru moyo wa mnyama na kukausha maziwa ya anayenyonyesha. Vifukieni kwenye shimo la mboji, mbali na banda.