Kabla hujajaza fomu ya kumfuata mumeo Marekani

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinijia nyumbani na bahasha ya plastiki iliyojaa karatasi. Aliolewa mwaka jana na kijana wa hapa hapa Mombasa aliyekwenda Marekani angali mtoto, na sasa ni raia wa huko. Hata kukaa hajakaa, akaniambia, "Mjomba, wamerudisha."

Hawakurudisha. Ilikuwa ni barua ya kudai ushahidi zaidi. Ilitumwa kwa mumewe kule Ohio, naye akaipiga picha na kumrushia kwa WhatsApp. Lakini binti ameshauza kabati lake na ameshaaga kazini, kwake yeye barua ya kudai ushahidi na barua ya kukataliwa ni mamoja.

Tuliisoma mstari kwa mstari. Tatizo halikuwa ndoa yao. Ndoa ni ya kweli, mtaa mzima ulikula biriani. Tatizo ni kwamba kwenye fomu yeye ni mtu mmoja, kwenye hati ya nikaha ni mtu wa pili, na kwenye cheti cha kuzaliwa ni mtu wa tatu. Ofisa aliyeko maelfu ya maili hamjui binti huyu wala babake. Anachojua ni karatasi zilizo mbele yake.

Mimi si wakili. Nina diploma ya mambo ya ofisi na miaka mingi ya kuwajazia watu fomu, na nimeona kwamba maombi mengi ya jamaa zetu hukwama kwa mambo ambayo yangetengenezwa hapa nyumbani kabla hata ya kulipa ada.

Kwanza tujue njia yenyewe. Anayeanza ni yule aliyeko Marekani. Akiwa raia, anajaza fomu iitwayo I-130 na kuipeleka kwa idara ya uhamiaji ya huko, USCIS. Mke au mume aliyeko huku ana karatasi yake ndogo, I-130A, inayouliza alikoishi na alikofanya kazi kwa miaka 5 iliyopita. Ombi likipita, faili huenda Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, na hapo ndipo wewe uliyeko Mombasa, Lamu au Malindi unajaza DS-260 kwenye intaneti. Mwisho ni kupimwa afya na kuhojiwa, vyote Nairobi. Kama mumeo hana uraia bali ana ile kadi ya ukaazi tu, fomu ni hiyo hiyo lakini kuna foleni ya miaka, kwa hivyo muulize mapema ana nini mkononi.

Sasa turudi kwenye majina, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Kwetu sisi jina ni nasaba. Fatma Ali Omar ni Fatma, mtoto wa Ali, mjukuu wa Omar. Omar si jina la ukoo, ni babu. Fomu ya Mmarekani haijui hayo, inataka jina la ukoo na inataka lifanane kila mahali. Ongeza na tahajia zetu: Fatma na Fatuma, Mohamed na Muhammad, Swaleh na Saleh, Athman na Othman. Kwetu ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni watu wawili.

Kanuni ninayoifuata ni moja. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama wewe mwenyewe hulipendi. Kisha kuna sehemu kwenye fomu inayouliza majina mengine uliyowahi kuyatumia. Hapo mwaga yote: tahajia ya cheti cha shule, ya kitambulisho, ya nikaha. Watu huona haya kuijaza sehemu hii, wakidhani wataonekana matapeli. Kinyume chake ndiyo kweli. Jina ulilolitaja mwenyewe halikuletei shida, ila lile ambalo ofisa amelivumbua.

Na kina dada, msiandike jina la mume kama jina lenu la ukoo. Mpwa wangu alijaziwa na kijana wa saiba, ambaye aliona neno "mke" akambandika jina la mumewe palepale. Katika mila yetu mwanamke hubaki na jina la babake, na pasipoti yake yasema hivyo. Kosa la dakika moja.

Hati ya nikaha nayo ina mambo yake. Huandikwa usiku wa furaha, msikiti umejaa, imamu anauliza jina la bibi harusi na mtu wa nyuma anajibu lile la nyumbani. Linaandikwa hilo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, ya Kiislamu ikiwemo, na karatasi unayoipata ndiyo itakayosafiri. Basi wali aende na nakala za vitambulisho vya wote wawili mfukoni, amkabidhi imamu kabla ya khutba. Kama ndoa ilishafungwa na jina limekosewa, rudi kwa aliyeandikisha, itengenezwe. Pale ambapo haitengenezeki, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja, na hati hiyo iambatanishwe.

Tarehe pia. Wamarekani huanza na mwezi. Sisi tukiandika 03/05 tuna maana ya tarehe 3 Mei, wao husoma tarehe 5 Machi. Nimeona ndoa iliyofungwa, kwa mujibu wa fomu, miezi miwili kabla bwana harusi hajatua uwanja wa ndege.

Cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu kilitolewa akiwa na miaka 17, alipokuwa akitafuta kitambulisho. Wengi wetu Pwani tuko hivyo. Cheti kilichochelewa si haramu, lakini hutazamwa kwa jicho kali. Kisindikize na karatasi za zamani zaidi: kadi ya kliniki kama mama aliiweka, barua ya shule ya msingi, cheti cha madrasa chenye tarehe.

Nije kwenye nikaha yenyewe, kwa sababu hapa dini na fomu hugongana na watu huumia kwa kutojua.

Kuna viza ya mchumba, iitwayo K-1. Mchumba huingia Marekani na kufunga ndoa katika siku 90. Wazee wetu, kwa kutaka mambo yawe halali, husema: tuwafungishe nikaha hapa kimyakimya, kisha aombe kama mchumba, huko watafunga ya serikali. Usifanye hivyo. Ukishafungiwa nikaha wewe ni mke, na viza ya mchumba si yako tena. Ofisa akiuliza na ukakana, umeikana ndoa yako na umesema uongo mbele ya serikali kwa siku moja. Kama mmefunga nikaha, njia yenu ni I-130.

Kuna pia nikaha ya simu, bwana yuko Marekani, ndugu yake amekaa hapa kama wakili wake. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo mume na mke hawakuwa pamoja inapofungwa, mpaka baada ya hapo wawe wamekutana kama mume na mke. Hata nikaha yetu ya kawaida, ambapo bwana yuko msikitini na bibi yuko nyumbani akipambwa, yaweza kuulizwa swali hilo, ila jibu lake ni jepesi kwa kuwa bwana yupo mjini na usiku ule ule huingia kwa mkewe. Kwa ndoa ya simu, lazima aje, na aje baada ya tarehe ya nikaha. Muhuri wa uwanja wa ndege kwenye pasipoti yake, tiketi na risiti za mahali mlipokaa ndio ushahidi wenu. Safari aliyoifanya kabla ya ndoa haihesabiki kwa jambo hili.

Na la wake wawili. Kenya inaitambua ndoa ya pili ya Muislamu. Uhamiaji wa Marekani hauitambui. Kama yule bwana ana mke mwingine ambaye hajamwacha, ndoa yako ni halali hapa na mbele ya Mungu, lakini kwa viza ni karatasi tupu. Fomu inauliza wake wote wa zamani, na tarehe ndoa ilipokwisha. Talaka ya mdomo haina tarehe. Iwe imeandikishwa, iwe na karatasi kutoka kwa kadhi, na iwe imetangulia nikaha mpya. Wazazi, muulizeni mposaji swali hili siku ya posa, msingoje mpaka ofisa amuulize binti yenu Nairobi.

Gharama nitazitaja haraka. I-130 ni dola 625 kwa intaneti au 675 kwa karatasi, tangu Aprili 2024. NVC hutaka dola 325 za viza na 120 za hati ya udhamini, na kadi ya ukaazi ni dola 235 zaidi. Jumla ni dola 1,305 kwa anayetumia intaneti, bado kupimwa afya na nauli za Nairobi. Ada hubadilika, tazameni kurasa za serikali yao zinazoishia na .gov, si tangazo la mtu.

Udhamini ni fomu ya I-864. Mume huonyesha kodi alizolipa na mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Kwa familia ya watu wawili mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama dola 26,437 kwa mwaka. Asipofikia, mtu mwingine mwenye ukaazi au uraia anaweza kudhamini pamoja naye. Wadhamini waelewe wanachokitia sahihi: talaka haiwatoi kwenye mkataba huo.

DS-260 huuliza kila mahali ulipoishi tangu ulipotimiza miaka 16, na kurasa zako za mitandao za miaka 5. Mitaa yetu haina namba za nyumba. Chagua maelezo mamoja, mtaa, barabara na jina la jengo, na uyarudie vivyo hivyo kila unapoulizwa. Usiandike leo "nyuma ya msikiti" na kesho sanduku la posta.

Waliofanya kazi Ghuba wasikilize hapa. Mbali na cheti cha tabia njema cha Kenya, unachokiomba kupitia eCitizen, mtu aliyeishi nchi nyingine mwaka mmoja au zaidi baada ya kutimiza miaka 16 huombwa cheti cha polisi cha nchi hiyo pia. Kukipata ukiwa umesharudi ni kazi. Anza siku unayoanza I-130, na usifiche kwamba ulikwenda. Mihuri imo kwenye pasipoti.

Kuhusu picha, najua uzito wake. Picha za kesha ni za wanawake na hakuna mwanamume wa kuzitazama, achilia mbali kuzituma serikalini. Hazihitajiki. Ofisa anataka kuwaona nyinyi wawili pamoja, na familia zote mbili. Piga chache za stara siku ya harusi, mume, mke, wali, mama wa pande zote. Mpwa wangu alipeleka picha 14, na katika zote 14 bwana harusi hayumo.

Niseme na kuhusu madalali. Wapo wanaojua kazi, lakini wapo wanaokwambia, "Hilo usiliandike." Mtoto wa ndoa ya kwanza, talaka, safari ya Qatar, wanasema ruka. Uongo kwenye fomu hizi waweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, na ndoa ikihukumiwa kuwa ya kutengenezwa kwa ajili ya karatasi, hakuna ombi litakalokubaliwa kwako tena hata ukiolewa kwa haki. Anayefungiwa ni wewe uliyetia sahihi. Dalali yeye atabadilisha laini ya simu. Kwa hivyo hata ukijaziwa, soma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, na kama Kiingereza kinakupiga chenga mtafute mtoto wa jirani akusomee.

Barua ya mpwa wangu ilimpa mumewe wiki 12, na majibu lazima yaende yote kwa pamoja, si kimoja leo na kingine mwezi ujao. Tumekula kiapo cha majina, aliyewaandikisha ametengeneza hati ya nikaha, na nyanyake ameitoa sandukuni kadi ya kliniki iliyochakaa kama ganda la kitunguu. Picha zimepatikana kwa shangazi wa bwana harusi, mbili, lakini zatosha kuonyesha nyuso. Mumewe alituma kila kitu Ijumaa. Kabati hajanunua jingine, nguo bado zimo kwenye begi.