Kikombe Kimoja, Uzito Mbalimbali

Wahenga walipotuachia usemi kwamba haba na haba hujaza kibaba, hawakututajia uzito wake, kwa maana kibaba ni kipimo cha ujazo. Hata hivyo walikuwa waangalifu. Watu wa pwani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, kilichofurika. Tofauti hiyo yaweza kumvunjia mtu heshima yake, kama tulivyojionea tulipokuwa katika mafunzo ya uofisa.

Mpishi wetu, mzee mwenye utumishi wa miaka mingi, alitakiwa kutoa mafungu 50 ya mikate katika kila gunia la kilo 50 za unga wa ngano. Kila fungu lilihitaji kilo 1 ya unga na gramu 600 za maji. Mizani ilikuwa imeharibika, basi akapewa kikombe na kuambiwa kwamba vikombe 8 ni sawa na kilo 1. Gunia likaisha katika fungu la 40, na mikate ikawa migumu kama matofali. Minong'ono ikaanza: mzee anaiba unga.

Ilipoletwa mizani nyingine, tulipima. Kikombe kilikuwa cha mililita 240. Unga uliochungwa, ukatiwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu, ulikuwa gramu 125. Lakini mzee, kwa haraka za alfajiri, alichota kwa kikombe chenyewe na kushindilia. Unga huo ulifika gramu 155. Vikombe 8 vya namna hiyo ni gramu 1,240. Kwa hiyo gunia lisingeweza kupita mafungu 40, na maji ya kilo 1 ya unga yasingetosha kuulainisha. Hakuna unga ulioibwa.

"Wanangu," alisema mzee, "mngalinipa mizani kwanza, ndipo mnihukumu." Tuliinamisha vichwa.

Msomaji na akumbuke kwamba kila kitu kina uzito wake. Kikombe hicho hicho hubeba gramu 240 za maji, kama 220 za mafuta ya kula, na kama 200 za sukari. Hesabu ya kimoja haifai kwa kingine.

Asiye na mizani asikate tamaa. Achukue ufito ulionyooka, auning'inize kwa kamba katikati, na kila ncha afunge kopo, yote mawili yakilingana. Yakiwa matupu, ufito sharti ulale sawa. Kopo moja atie nusu lita ya maji, ambayo ni gramu 500. La pili atie unga hadi ufito ulale sawa tena. Hiyo ni nusu kilo. Kisha auhesabu unga huo kwa kikombe chake, kwa mfuto, na jibu aliandike ukutani mwa jiko.

Ni kazi ya dakika chache, nayo huokoa unga, mikate, na jina la mpishi.