Tovuti ya kusoma au tovuti ya kujaza? Yaliyonikuta Matema

Hapa kafe Kyela mjini watu wananiuliza sana: nikitaka kutengenezewa tovuti, nichukue ya kawaida au ile ya kujisajili na paswedi? Ngoja kwanza niseme yaliyonikuta, maana yalinigharimu.

Mama mmoja mwenye gesti kule Matema alitaka wageni wamwone mtandaoni. Mimi, kijana wa form four niliyejifunza PHP humuhumu kafe, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Nikamwekea mfumo kamili: mgeni anachagua chumba, anajaza tarehe, jina linaingia kwenye hifadhidata. Mama akafurahi kweli. Kumbe yeye vyumba anaandika kwenye daftari! Daftari halijui cha mfumo, mfumo haujui cha daftari. Ijumaa moja familia ikatoka Mbeya, imeshajaza fomu, ikafika usiku watoto wamelala mgongoni. Vyumba vimejaa vyote. Mama akawalaza chumbani kwake. Nusu ya malipo yangu iliyobaki akagoma kunipa, na sikumlaumu.

Sasa tofauti iko hivi. Matokeo ya NECTA yakitoka unafungua orodha ya shule, unabonyeza yako, unaona namba, divisheni na masomo. Ukurasa ule umeandaliwa mara moja, na anayeufungua Kyela anapata uleule wa Kigoma. Seva inatoa faili tu, basi. Unaweza kuusevu kwenye flashi ukausoma hata mtandao ukikata. Ndivyo ilivyokuwa hata tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee pale CERN, ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1991: maandishi na viungo.

Maombi ya mkopo HESLB ni habari nyingine kabisa. Pale mfumo lazima ukujue wewe ni nani, upokee fomu yako, ukumbuke ulipoishia, usikuonyeshe ya mwenzako. Kila ukibonyeza, seva inaiuliza hifadhidata halafu inakutengenezea ukurasa wako peke yako. Kazi kama hiyo haina njia ya mkato. Jamaa yangu anayepima kakao za wakulima anataka kila mkulima aone kilo zake tu. Huyo nimemwambia ajenge mfumo. Ila ajue mfumo unataka mtu kila siku: wa kujibu, wa kuweka nakala, wa kuziba matundu kabla wahuni hawajaingia. Ukurasa wa kusoma hauna hata hifadhidata ya kuibiwa.

Siku hizi mteja namuuliza mawili tu. Mgeni ataandika kitu ambacho lazima kikumbukwe? Na nani atakisoma leo leo? Kwa mama wa Matema hilo la pili sikuliuliza kabisa.

Nilirudi nikaung'oa mfumo wote. Nikaweka ukurasa mmoja: picha za ufukwe na Milima ya Livingstone, bei, usafiri wa kutoka Kyela, soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo siku ya Jumamosi, na namba ya simu kwa maandishi makubwa. Mgeni anapiga, mama anafungua daftari, anasema kipo au hakipo. Bei ikibadilika ananiita, "mwanangu njoo," naibadilisha kwa dakika tano. Ile nusu alinilipa mwenyewe bila kudaiwa, tena na kilo kumi za mchele juu.