Alama za Rangi za Kiwandani na Thamani ya Magari ya Kale

Alama za rangi za kiwandani ni mistari, madoa, namba na herufi zilizowekwa kwenye vipuri vya chasisi wakati gari likiundwa: kwenye springi, propela shafti, ekseli, fremu, boksi la stelingi na vichwa vya bolti. Katika viwanda vya Marekani vya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, alama hizo zilichorwa haraka kwa brashi au chaki ya nta, wala hazikukusudiwa kuonwa na mnunuzi. Leo hukaguliwa katika mashindano ya magari ya kale, na zimezaa biashara ndogo ndani ya soko kubwa la ukarabati.

Chanzo chake ni wingi wa uzalishaji. Ford ilizindua Mustang Aprili 1964, na kwa modeli ya mwaka 1966 peke yake ilitengeneza zaidi ya magari 600,000 katika viwanda vitatu: Dearborn, San Jose na Metuchen. Mnunuzi alijichagulia injini, giaboksi na ugumu wa springi, hivyo magari mawili yaliyofuatana kwenye mstari wa uundaji yaliweza kuhitaji vipuri tofauti. Springi mbili zilifanana kwa macho lakini zikatofautiana kwa nguvu. Propela shafti mbili zilipishana urefu kidogo tu. Mfanyakazi hakuwa na muda wa kusoma namba ya kila kipuri, ila mstari wa rangi aliutambua mara moja.

Kwa kazi zake, alama hizo ni za makundi matatu. La kwanza ni utambulisho: mistari kwenye propela shafti na springi ilionyesha kipuri ni cha gari la aina gani. La pili ni ukaguzi: mkaguzi alidondosha rangi kwenye bolti kuthibitisha kwamba imekazwa, au kwenye mfumo wa magurudumu ya mbele baada ya kupimwa mlalo wake. La tatu ni maelekezo kwa hatua inayofuata. Mfano mzuri ni Chevrolet Corvette, ambayo bodi yake ya faibaglasi ilikaa juu ya fremu ya chuma. Karibu na sehemu za kufungia bodi, wafanyakazi waliandika kwenye fremu idadi ya shimu, yaani vibati vya kusawazisha kimo, zilizohitajika kila upande. Fremu yenyewe ilibeba namba ya kipuri iliyopigwa kwa rangi nyeupe juu ya rangi nyeusi.

Thamani ya alama hizi inatokana na mashindano na minada. Chama cha warejeshaji wa Corvette, NCRS, kilichoanzishwa mwaka 1974, hupima gari kwa namna lilivyokuwa lilipotoka kiwandani, si kwa kung'aa kwake. Chasisi ni moja ya sehemu zinazopewa pointi, pamoja na bodi, ndani ya gari, mitambo na utendaji, na gari huhitaji kufikisha asilimia 94 ili kupata daraja la juu. Katika ushindani wa kiwango hicho, mstari usiokuwepo huweza kupunguza pointi. Mnadani fedha huwa nyingi zaidi. Mwaka 1967 ziliundwa Corvette 22,940, na 20 tu kati yake zilikuwa na injini ya L88. Mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 3.85 katika mnada wa Barrett-Jackson, Scottsdale, Januari 2014. Pengo la bei kati ya gari la kawaida na la nadra likiwa kubwa hivyo, mnunuzi hutafuta kila ushahidi kwamba analolipia ndilo lenyewe.

Mahitaji hayo yamegawa kazi kwa watu wengi. Gereji za ukarabati hutoza saa nyingi za kufungua chasisi na kuisafisha. Wapo wauzaji wa stensili za kuchorea herufi, lebo za karatasi za springi na stika zilizochapishwa upya. Wapo wachapishaji wa miongozo ya kila modeli na wataalamu wanaolipwa kukagua gari kabla ya mauzo.

Kazi yenyewe huanza kabla ya rangi. Mafuta na tope lililoganda mara nyingi ndivyo vilivyohifadhi alama, ilhali kutu na chumvi ya barabara za majira ya baridi huzifuta. Fundi makini hulainisha uchafu kwa sabuni hafifu, huupangusa kwa kitambaa, kisha hupiga picha na kupima nafasi ya kila alama. Anayekimbilia kupuliza mchanga huondoa ushahidi pamoja na kutu, na hasara hiyo hairudishiki.

Kasoro kubwa ya biashara hii ni kunakili bila ushahidi. Mpangilio wa alama ulitofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na pengine kati ya mwezi na mwezi, kulingana na msambazaji wa vipuri na desturi za zamu. Rangi za chini ya Mustang, kwa mfano, hazikuwa zilezile katika viwanda vyake vyote. Gari la Dearborn likipakwa alama zilizonakiliwa kutoka gari la San Jose, linapendeza lakini linapotosha. Kosa lingine ni unadhifu: mistari iliyonyooka kwa rula haifanani na kazi ya mtu aliyekuwa na sekunde chache kwa kila gari. Zaidi ya hayo, rangi ni rahisi kughushi, tofauti na namba zilizogongwa kwenye chuma cha injini na fremu.

Kwa sababu hiyo, alama za rangi haziwezi kuthibitisha gari zikiwa peke yake. Huungwa mkono na namba za injini, tarehe zilizosubiwa kwenye vipuri na hati za kiwandani, kama karatasi iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta la Corvette za kuanzia 1967. Mnunuzi anayeonyeshwa chasisi yenye alama mpya adai picha zilizopigwa kabla ya ukarabati. Zisipokuwepo, asilipie rangi hiyo kama ushahidi.