Dhana ya Kumbukumbu katika Usanifu wa Maikrokontrola

Maikrokontrola ni tarakilishi nzima iliyokusanywa ndani ya chipu moja. Aghalabu hupachikwa katika chombo kingine, mathalani mashine ya kufulia au ya kuangulia vifaranga, ikatekeleza kazi moja mahususi. Makala haya yanafafanua usanifu wa ATmega328P, maikrokontrola ya biti 8 iliyotumiwa katika Arduino Uno, bao la kujifunzia lililotolewa mwaka 2010. Hali kadhalika, yanabainisha kwa nini istilahi moja, kumbukumbu, haijitoshelezi katika kuieleza.

ATmega328P ina kumbukumbu za aina tatu. Ya kwanza, yenye kilobaiti 32, huhifadhi programu, nayo haifutiki umeme unapokatika. Ya pili, kilobaiti 2, hushika data inayobadilika wakati programu inapoendelea. Umeme ukikatika, data hiyo hupotea. Ya tatu, kilobaiti 1 tu, huhifadhi data ambayo programu yaweza kuibadilisha lakini haipaswi kupotea.

Programu na data husafiri katika njia tofauti. Mpangilio huu huitwa usanifu wa Harvard, kutokana na tarakilishi ya Harvard Mark I ya mwaka 1944, ambayo ilisoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, ilhali namba ziliwekwa katika magurudumu ya kuhesabia. Kutokana na utengano huo, agizo moja linapotekelezwa, linalofuata huwa tayari linasomwa. Ndiposa maagizo mengi ya ATmega328P hukamilika kwa pigo moja la saa yake, ambayo yaweza kupiga hadi mara milioni 20 kwa sekunde.

Chipu hii pia hupokea habari kutoka nje. Kihisi cha joto hutoa volteji, nayo chipu huigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Aidha, imo saa mlinzi: programu ikikwama na kushindwa kuirudisha kwenye sifuri kwa wakati, saa hiyo huianzisha chipu upya.

Umuhimu wa kutofautisha kumbukumbu hizi hudhihirika katika mashine ya kuangulia vifaranga. Mfugaji huiamuru idumishe nyuzi 37.5 za selsiasi. Iwapo mtunzi wa programu ameiweka namba hiyo katika kumbukumbu ya aina ya pili pekee, umeme ukikatika na kurejea, mashine itakuwa imesahau agizo hilo, na mayai yataharibika. Anayefundishwa tu kwamba data "huwekwa kumbukumbuni" hana namna ya kuliona kosa hilo.

Kwa hivyo, yafaa istilahi zitokane na kazi: hifadhi ya programu, kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu. Maneno haya yote yamo tayari katika Kiswahili. Kilichosalia ni kuyatumia kwa uthabiti darasani na vitabuni.