Je, Wajua? Mashine ya Siri Njiani Kwenda kwa Tshombe

Ndani ya ndege iliyomwua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilikuwamo CX-52, mashine ya kuandika kwa mafumbo. Ndege hiyo ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961. Alikuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo.

Mtengenezaji wa mashine hiyo alikuwa kampuni ya Crypto AG ya Uswisi. Mwaka 1970 kampuni hiyo ilinunuliwa kisirisiri na CIA pamoja na majasusi wa Ujerumani Magharibi. Serikali nyingi ziliendelea kununua mashine zake, tena kwa bei nzuri!

Kuanzia 2015, uchunguzi wa kifo cha Hammarskjöld uliongozwa na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman.

Leo mashine kama CX-52 haihitajiki ili kuficha ujumbe. Tangu 2020 programu ya barua pepe ya Thunderbird imekuja na OpenPGP, njia ya kufunga ujumbe kwa mafumbo, ndani yake. Barua pepe iliyofungwa kwenye Windows hufunguka kwenye Linux au Mac, mradi mpokeaji awe na ufunguo wake wa siri. Anwani, hata hivyo, hubaki wazi: mfanyabiashara wa Lubumbashi akimwandikia mnunuzi wa kobalti, bei hufichika, mnunuzi hafichiki.