MAJALADA YA PAMOJA SEVA MOJA INAPOZIMIKA

Wananchi wa Unguja watakumbuka kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika njia pekee ya umeme kutoka Bara. Mwaka 2013 uliongezwa waya mpya wa baharini wa megawati 100.

Kompyuta za ofisi nazo huhitaji msaidizi. Majalada yanayotumiwa na idara nyingi huhudumiwa na seva mbili zenye hifadhi moja: moja hufanya kazi, nyengine hungoja. Ya kwanza ikizimika, ya pili huichukua hifadhi pamoja na anwani ile ile ya mtandao.

Jalada likikataa kufunguka baada ya hapo, mafundi wanashauriwa kukagua mambo matatu:

1. Namba ya utambulisho wa hifadhi iwe moja katika seva zote mbili. Zikitofautiana, mtumiaji huambiwa jalada halipo, ilhali lipo.

2. Orodha ya kufuli za majalada iwekwe penye kufikiwa na seva zote. Katika Linux, seva inayopokea zamu kwa kawaida hungoja sekunde 90 ili wenye kufuli wazidai upya. Kusita huko si hitilafu.

3. Seva ya mwanzo ithibitishwe kuwa imezimwa kabisa. Zikiandika mbili kwa pamoja, hifadhi huharibika.

Aidha, inasisitizwa kuwa seva ya pili si nakala ya akiba. Hati ya ardhi au hesabu ya kiinua mgongo ikifutwa, imefutwa kote. Nakala ihifadhiwe mahali pengine.